Mama Alichomuuliza Madam Zubeda

Ipo siku moja ya msimu wa alizeti ambayo hainitoki moyoni, mwanangu. Tangu uliponipigia simu kuniambia umepata kazi ya kufundisha biashara chuo kikuu, siku hiyo imekuwa ikinirudia kila asubuhi ninapofagia uwanja. Ulicheka kwenye simu ukaniuliza, "Mama mdogo, wewe umefundisha miaka yote hiyo. Hivi wanafunzi wanataka nini hasa kwa mwalimu?" Nikakujibu ngoja nifikiri. Kusema kweli sikuwa na haja ya kufikiri. Jibu ninalo, ila halisemeki bila kumtaja bibi yako, na mimi nikitaka kumtaja bibi yako sharti nikae chini kwanza.

Basi nimekaa. Nisikilize.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Babu yako alikwisha kufariki, na mama yako, dada yangu, alikuwa ameolewa yuko Mitundu. Kwa hiyo nilipoondoka kwenda chuo, bibi yako alibaki peke yake katika nyumba hii hii ninayokaa leo hapa Iguguno. Siku ya kwanza alinisindikiza hadi barabarani, akanikabidhi kifurushi cha karanga, akasimama pembeni. Hakupunga mkono. Gari lilipoondoka nilimtazama kupitia kioo cha nyuma mpaka vumbi likamfunika. Nilipokuwa chuoni, mara nyingi nilipofumba macho nilimwona vile vile, amesimama katika vumbi.

Na chuo chenyewe, mwanangu, hakikuwa kile nilichokiota. Mimi nilidhani nikifika huko nitakuta watu wanaozungumza juu ya biashara kama wazee wanavyozungumza juu ya mvua, kila mtu na lake, mmoja anakataa, mwingine anafafanua. Nilikuta ukumbi uliojaa mpaka wengine tunakaa kwenye ngazi. Mwalimu anaingia, anawasha kipaza sauti, anazungumza Kiingereza cha haraka, anajaza ubao, anafuta, anajaza tena, halafu anaondoka. Sisi tuliotoka shule za vijijini huku tulikuwa tunanakili tu. Nilinakili hata maneno ambayo sikuyajua kama ni jina la mtu au la kitu.

Bwenini nililala chumba kimoja na msichana wa Kilosa aliyeitwa Joyce. Jioni tulikuwa tunawasema walimu, kama wanafunzi wote duniani. Joyce alikuwa anasema, "Mimi namtaka mwalimu anayetuambia kitakachotoka kwenye mtihani, basi, sina makuu." Wa chumba cha jirani alimtaka mwalimu anayerudisha kazi mapema na kuonyesha ulipokosea, siyo kuandika alama tu kama mtu anayepiga chapa ng'ombe. Mwingine alimtaka aliyewahi kufanya biashara kweli, hata ya genge. Walikuwa wananiuliza, "Na wewe Naomi?" Nami nasema sijui. Nilikuwa najua kitu kimoja tu, kwamba nilikuwa nazama na hakuna aliyekuwa ananiona.

Somo lililonizamisha zaidi lilikuwa uchumi wa biashara. Lilifundishwa na Madam Zubeda, mwanamke wa Tanga, mrefu, nadhifu, mwenye ushungi uliokaa vizuri siku zote na akili kali kama wembe. Hakuwa mwalimu mbaya. Usinielewe vibaya hapo. Alikuja kwa wakati, alijua somo lake lote, hakupendelea mtu. Tulimheshimu na tulimwogopa. Lakini alikuwa anafundisha kama mtu anayesoma taarifa ya habari: akisema amesema, na wewe uliye upande wa pili wa redio ni shauri yako. Somo lake nilifeli, nikapangiwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kabla ya sapu kulikuwa na fildi. Kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kujifunza kazi mahali fulani, na mwalimu mmoja angekuja kumkagua. Wenzangu walihangaika kupata nafasi Dar es Salaam na Mwanza. Mimi niliomba kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Iguguno, na nitakwambia sababu yake ambayo wakati ule sikumwambia mtu. Nilikuwa naenda nyumbani moja kwa moja. Nilikwisha kuamua kwamba fildi ikiisha sirudi tena. Nilikuwa nangoja tu siku nzuri ya kumwambia mama.

Siku nzuri ya namna hiyo haiji, mwanangu. Kila asubuhi mama alikuwa ananipikia uji wa uwele, ananitazama ninavyokunywa, ananisifu mbele ya majirani. "Huyu ndiye msomi wangu." Ningesemaje?

Siku hiyo basi, nilikuwa kiwandani napanga magunia ya mashudu, nimejaa vumbi la alizeti mpaka kwenye kope, nikamwona Madam Zubeda anashuka kwenye basi lililotoka Singida mjini. Ushungi wake ule ule, ila umekuwa mwekundu kwa vumbi la barabara. Nilikuwa nimeomba sana nisipangiwe yeye.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Namtafuta mwanafunzi wetu anayefanya fildi hapa."

"Ni mimi, madam."

Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe. Ni wa darasa la nani?"

"Lako, madam. Uchumi wa biashara. Mwaka wa pili."

Niliona uso wake unabadilika kidogo. Muhula mzima nilikuwa nimekaa mbele yake, siku nyingine karibu kabisa, na hakuwa anajua kwamba mimi nipo duniani. Aliniuliza maswali machache kuhusu kazi, akazungumza na mwenye kiwanda, akatazama mashine ikikamua. Kwa kawaida hapo ndipo msimamizi anapoaga, na mwanafunzi anashukuru kwamba imekwisha.

Lakini basi la kumrudisha Singida halikuja. Watu wakasema limeharibikia mlimani Sekenke na halifiki mpaka jioni. Jua lilikuwa kali, na kiwandani hapakuwa na pa kukaa isipokuwa juu ya magunia. Sikuwa na jinsi. Nikasema, "Madam, nyumbani ni hapo karibu. Karibu upumzike."

Bibi yako alipoambiwa kwamba mgeni ni mwalimu wa chuo kikuu, alichanganyikiwa kwa furaha. Alimkamata jogoo aliyekuwa anamtunza kwa ajili ya sikukuu, akaleta maji ya kunawa, akatandika kitenge kipya juu ya kiti. Madam Zubeda alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo mama," akaomba amchinje jogoo yeye mwenyewe kwa kuwa ni Mwislamu, na mama akafurahi kumwachia. Nami nilikuwa nachochea moto huku nikiomba hao wawili wasifike kwenye habari za masomo.

Wakafika. Tulipokwisha kula, mama alinawa, akamgeukia mgeni, akamwuliza kwa Kiswahili chake kile cha kubahatisha, "Mwalimu, huyu mtoto huko mnamfundisha nini?"

Madam Zubeda alitabasamu. Akaanza kueleza kwa Kiswahili kizuri cha pwani, chenye maneno laini, na mama alikuwa anaitikia "ehee, ehee" lakini nilimjua mama yangu, hakuwa ameshika kitu. Baadaye akanigeukia, akaniambia kwa Kinyiramba, "Mwambie aseme jambo moja tu, nami nielewe." Nikatafsiri. Madam Zubeda akafikiri kidogo. Nadhani alitaka jambo rahisi. Akasema, "Mwambie tunafundisha kwamba ukichagua kitu, gharama yake halisi ni kile kingine ulichokiacha. Sisi tunaita gharama ya fursa."

Mwanangu, maneno hayo nilikuwa nimeyanakili kwa Kiingereza mara nyingi sana. Nilikuwa nimeyaandika kwenye mtihani na nikakosa. Sasa nililazimika kuyasema kwa lugha niliyonyonyea, mbele ya mtu ambaye ungemwambia jambo lisilo na maana angekuambia hapo hapo kwamba halina maana. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu shamba la bondeni umepanda alizeti. Kwa hiyo hukupanda uwele. Ukitaka kujua alizeti imekugharimu nini, usiseme mbegu na jasho tu. Taja na uwele ambao hukuupata."

Mama akasema, "Hata kama uwele wenyewe haukuwepo?"

"Ungekuwepo, kama ungeupanda."

"Na kama mvua ingekataa?"

"Basi unatazama ule uliotegemea kuupata, siyo wa ndoto."

Akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kumjibu, na mahali fulani katikati ya mazungumzo nikagundua kwamba simwangalii tena Madam Zubeda kumuuliza kwa macho kama niko sawa. Nilikuwa najua kwamba niko sawa. Kitu kilichokuwa kimefungwa kichwani kilifunguka, nikawa natoa mifano mwenyewe, ya mbuzi, ya kisima, ya shangazi aliyekataa kuuza kiwanja cha barabarani. Mama alikuwa anacheka. Madam Zubeda hakuwa anaelewa lugha yetu hata kidogo, lakini alikuwa ameinama mbele, anatutazama kama mtu anayetazama mechi.

Kisha mama akaacha kucheka. Akatazama nje, upande wa barabara. Aliponigeukia, uso wake ulikuwa umebadilika. Akauliza polepole.

Sikutafsiri.

"Amesemaje?" Madam Zubeda akauliza.

"Ni mambo ya nyumbani, madam."

"Naomi." Ndiyo mara ya kwanza kunitaja jina, alikuwa amelisikia kwa mama. "Amesemaje?"

Nikatafsiri. "Anasema, yeye alichagua kunipeleka chuo. Alichokiacha ni kukaa na mimi. Usiku na mchana anakaa peke yake, hana wa kumpokea kuni wala wa kuongea naye. Anauliza kama na hiyo ni gharama hiyo mnayofundisha."

Kuku walikuwa wanadonoa mlangoni. Madam Zubeda alimtazama mama. Akasema, "Mwambie ndiyo. Mwambie ndiyo hiyo hasa."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaridhika kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa analijua. Halafu akasema maneno ambayo niliyatafsiri yote bila kupunguza, kwa sababu nilikwisha kuanza kulia na sikuwa na nguvu ya kuficha chochote.

"Basi mwalimu, mimi sina elimu ya kukuambia ufundishe nini. Nakuomba hili. Kwa kuwa mimi nimekubali nisimwone ili mumwone nyinyi, basi mumwone. Akikaa mbele yako, ujue ni huyu. Akiwa hajaelewa, uone kwamba hajaelewa. Akinirudia nyumbani bure, nitakuwa nimemkosa mara mbili."

Ndipo nikajua kwamba mama alikwisha kuhisi. Alikuwa ameona kwamba sina mpango wa kurudi. Hakunisema mimi, alimwomba mwalimu.

Madam Zubeda alishuka kwenye kile kiti chenye kitenge kipya, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mama, akamshika mkono. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema, "Nimesikia, mama." Jioni basi lilipokuja tulimsindikiza. Kabla hajapanda aliniambia, "Sapu yako nitakuandaa mwenyewe. Utarudi?" Nikasema nitarudi. Nilishangaa kujisikia nasema hivyo, na nilishangaa zaidi kwamba ni kweli.

Nilirudi. Siku ya kwanza ya muhula Madam Zubeda aliingia ukumbini, akaacha kipaza sauti mezani, akapanda ngazi katikati yetu. Alisema, "Kila mmoja hapa kuna kitu amekiacha ili aje chuoni. Nataka kukijua." Kwa Kiswahili, mwanangu, katika ukumbi ambao Kiswahili kilikuwa kinaonekana uvivu. Tukatazamana. Halafu kijana mmoja wa Shinyanga akasema ameacha ng'ombe wa baba yake na hajui nani anawachunga. Mwingine alikuwa ameacha duka. Joyce, yule asiye na makuu, alisema ameacha mtoto mchanga kwa mama yake, na sisi wa chumba kimoja naye tulikuwa hatujui. Madam Zubeda akasubiri, kisha akasema, "Sasa tuandike kwa Kiingereza," akageukia ubao. Hakuna mtu katika darasa lile aliyesahau gharama ya fursa mpaka leo, nakuapia.

Toka hapo alibadilika. Siyo siku zote. Wakati mwingine alisahau akarudia mwendo wake wa taarifa ya habari, tukakohoa kidogo, naye akacheka na kuanza upya. Alijifunza majina yetu kwa taabu, akikosea na kuomba asahihishwe. Kazi zetu alizirudisha na maneno pembeni, mengine makali. Akiulizwa jambo asilolijua alisema, "Sijui, nipe mpaka wiki ijayo," na wiki ijayo alikuja nalo. Kila kipindi, kabla ya kutoka, alimteua mtu asimame aeleze kipindi kizima kama anavyomweleza mzazi wake nyumbani. Akikwama, Madam alikuwa anasema, "Basi sijafundisha bado," anarudia. Sapu nilifaulu. Somo lile nililolifeli ndilo nililokuja kulifundisha maisha yangu yote.

Na ndipo, mwisho wa mwaka, akaondoka.

Alituaga kwa kifupi. Mama yake alikuwa mgonjwa huko Tanga, na alikuwa peke yake. Alisema ameacha kazi anakwenda kukaa naye. Alipokuwa anasema hivyo alinitazama, na mimi nikatazama chini, kwa sababu nilijua ni nani aliyemuuliza swali lile. Tulitaka kumlaumu, tulitaka afurahi, tulitaka asiende. Muhula uliofuata aliingia mwalimu mwingine, mtu mwema tu, akawasha kipaza sauti. Tulikaa tukitazama mlango kwa muda, kama watoto ambao mgeni wao amekwisha kuondoka lakini wao hawajakubali.

Sikumwona tena, mwanangu. Niliandika, sikujibiwa. Nilipopata kazi ya kufundisha niliuliza kila aliyetoka Tanga, mmoja akaniambia walihama, mwingine akaniambia hajui. Sijui kama yuko hai. Miaka yote nilipokuwa nafundisha, mwanafunzi akiuliza swali zuri nilikuwa natamani kugeuka nimwambie mtu, na mtu huyo ni yeye. Hata leo, nikiwa kwenye basi nikasikia mwanamke mzee anazungumza Kiswahili kile cha pwani nyuma yangu, nageuka. Najua siye. Nageuka tu.

Na bibi yako nilikuja kukaa naye nilipoweza, ila nilichelewa. Miaka ile ya katikati haikurudi. Nafagia uwanja wake, nakaa mahali alipokuwa anakaa, na upweke aliokuwa anausema siku ile sasa naujua kwa ndani. Sijutii chuo. Naye hakujuta, aliniambia mwenyewe kabla hajafa. Lakini nawakumbuka, mwanangu. Wote wawili nawakumbuka sana.

Kwa hiyo ulichoniuliza, jibu langu ni hili. Wanafunzi wako watakuomba maelezo yaliyoandikwa vizuri, watakuomba mtihani usio na mitego, watataka uje kwa wakati na urudishe kazi zao. Wape, ni haki yao, usiwafanye waombe mara mbili. Watataka mifano ya biashara wanazozijua, za mnadani na za vibanda vya simu, siyo za nchi ambazo hawatazifikia. Wape na hiyo. Jiandae kila siku kama ndiyo siku ya kwanza, na usipojua jambo sema hujui. Lakini chini ya yote hayo kuna jambo wanalotegemea kwako ambalo hawatalisema, kwa sababu wengi wameshazoea kulikosa: kwamba utawaona. Kila uso utakaokuwa mbele yako, kuna mtu mahali fulani amekubali kuukosa ili ukae hapo. Huwezi kumlipa mtu huyo. Unaweza kumjua mtoto wake, ukatambua siku ambayo hajaelewa, ukarudia bila kumdharau. Ukikuta darasa limekuwa kubwa mno kwako, anza na mmoja. Kesho mwingine.

Na wakati wako wa kupumzika ukifika, mpigie mama yako Mitundu. Usingoje upate nafasi nzuri.

Nenda kafundishe, binti yetu. Mungu akupe sauti isiyokauka na masikio yasiyochoka. Akupe wanafunzi watakaokuuliza maswali mpaka ukose la kujibu, na moyo wa kufurahi wakifanya hivyo. Akulinde njiani, akulinde darasani, na watakaopita mikononi mwako wafike mbali, wawe na wa kuwapokea watakaporudi nyumbani. Amina.